Je, Wajua? Alkali Huyeyusha Safu ya Silika

Je, wajua kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yanayopiga fukwe za Bujumbura yana pH inayokaribia 9? Tone lake likiingizwa kwenye mashine ya kromatografia ya kimiminika halina madhara makubwa. Kinachoua safu, yaani mrija wa kutenganishia kemikali ndani ya mashine hiyo, ni kimiminika chenye alkali kinachopita humo kutwa nzima.

Safu nyingi hujazwa chembe za silika. pH ikizidi 8, silika huanza kuyeyuka, na joto pamoja na bafa (kimiminika cha kudhibiti pH) ya fosfeti huharakisha uharibifu. Mpimaji huona presha ikipanda na vilele vya grafu vikitanuka au kupasuka viwili.

Kwa nini basi kupima katika alkali? Chukua kwinini, dawa ya malaria. Ni besi; pH ikiwa ya chini hubeba chaji, ikang'ang'ania silika na kuacha kilele chenye mkia mrefu. Kwenye pH 10 hivi karibu chaji yote hutoweka, na kilele hukaa sawa.

Kwa kazi hiyo kuna safu za aina nyingine. Silika mseto, yenye kaboni ndani ya chembe zenyewe, huhimili hadi pH 12 hivi. Polima, zirkonia na kaboni ya grafiti hufika 13 au 14, ila polima mara nyingi hutoa vilele vinene. Kwa kupima vidonge vya dawa vya kawaida, silika mseto inatosha.

Unaponunua safu, soma kikomo cha pH pamoja na cha joto. Jioni suuza bafa yote, kisha hifadhi safu katika asetonitrili. Usiilaze na alkali.