Anayenena Kwanza

Katika Mji wa Serikali wa Mtumba, mashariki ya jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, wizara iliyokabidhiwa mambo ya kazi na ile iliyokabidhiwa mambo ya mawasiliano ni majirani. Nazo, zitake zisitake, zinakutana katika mtu mmoja ambaye miaka thelathini iliyopita hakuwapo: kijana aketiye mbele ya kompyuta, anayeitumikia kampuni yenye makao yake ng'ambo, analipwa na wakala aliye katikati, wala hajapata kumtia machoni yule anayefaidi jasho lake. Kijana huyu anapodhulumiwa, hujiuliza kwanza kama malalamiko yake yana insafu. Na akishayakinika kwamba yanayo, hukabiliwa na swali la pili lililo zito kuliko la kwanza, nalo ni hili: atakayenena kwanza atapatwa na nini?

Swali hili ni kongwe kuliko kompyuta. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa sababu ya ujira duni na ughali wa maisha, na Septemba mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao wakaweka mizigo chini, mgomo wao ukapanda bara kwa kuifuata reli ya kati hata ukafika Dodoma. Makuli wa Dar es Salaam waliongezewa ujira kwa njia ya usuluhishi. Walakini kule Mombasa serikali ya kikoloni ilimkamata Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, ikamhamishia Kabarnet, mbali na bahari na mbali na wenzake. Hivyo ndivyo kisasi kilivyo tangu zamani: hakiwapigi wote, kwa kuwa wote wakipigwa kazi husimama; humtoa mmoja, ili waliobaki wamtazame, wawakumbuke watoto wao na kodi ya nyumba, kisha wanyamaze kwa hiari yao wenyewe.

Mfano wa zama zetu tunaupata Nairobi. Mwaka 2019 Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini, aliajiriwa na Sama, kampuni iliyokuwa na mkataba wa kuchuja maudhui ya Facebook. Mchujaji huketi mbele ya kioo, ikamjia video asiyoichagua: pengine mtu anachinjwa, pengine mtoto anaharibiwa, sharti aitazame, akate shauri kama ibaki au iondolewe, kisha aikabili inayofuata, na mwendo uliotarajiwa, kwa mujibu wa wafanyakazi wenyewe, ulikuwa kama sekunde 50 kwa kila moja. Ujira wa baadhi yao, jarida la Time lilipoufichua mwaka 2022, ulikuwa kiasi cha dola moja na nusu ya Marekani kwa saa. Motaung na wenzake walijikusanya, wakayaandika madai yao na kuonya kwamba watagoma. Kampuni ikamwachisha kazi, ikidai kuwa aliwashurutisha wenzake na kuuhatarisha uhusiano wake na mteja, ilhali yeye alishikilia kwamba kosa lake lilikuwa kujaribu kuunda chama. Wengi waliobaki walikuwa wageni kama yeye, na mgeni ambaye ukaazi wake unategemea kazi yake hupoteza vyote viwili kwa barua moja. Mgomo ukafa kabla haujazaliwa.

Mei 2022 Motaung, akiwakilishwa na wakili Mercy Mutemi, aliishtaki Sama pamoja na Meta, mwenye Facebook, mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya Kenya. Januari 2023 Sama ilitangaza kuwa inaiacha kazi ya kuchuja maudhui, na wafanyakazi wapatao 260 wangeachishwa, kazi yenyewe ikihamia kwa wakala mwingine aitwaye Majorel, ambaye wafanyakazi hao walilalamika kwamba ameagizwa asiwachukue. Safari hii hakwenda mmoja. Machi 2023 walikwenda mahakamani 43, na idadi ikapanda hata 184. Mahakama ikazuia wasiachishwe mpaka shauri lisikilizwe. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150, miongoni mwao waliowahi kutumikia TikTok na ChatGPT, walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Mwezi uliofuata Jaji Byram Ongaya alitoa amri iliyomtambua Meta kuwa ndiye mwajiri wa asili, na wakala kuwa ni wakala tu. Na tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliikataa hoja ya Meta kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya.

Haifai kuitia chumvi habari hii. Mashauri ya namna hiyo huenda polepole, na tumbo halingoji hukumu. Zaidi ya wafanyakazi 140 katika shauri hilo walithibitishwa na daktari kuwa na maradhi ya nafsi yaliyotokana na kiwewe. Na kazi yenyewe, kwa kuwa haina shina wala mizizi, ilikuja kuonekana Accra, Ghana. Hata hivyo tofauti kati ya mwaka 2019 na mwaka 2023 haikuletwa na ujasiri, maana ujasiri ulikuwapo mara zote mbili. Mara ya kwanza mwajiri alimwona wa kumtoa. Mara ya pili hakumwona, kwa sababu madai hayakuwa na mwenyewe mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini yafaa kuongeza kwamba kidole kilicho peke yake ndicho rahisi kukatwa.

Je, kijana wa Dodoma anayo ngao gani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa haki ya kuunda chama na kujiunga nacho, nayo inahesabu kuwa si halali kumwachisha mtu kwa sababu ya uanachama wake. Chama huanzishwa katika mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20, wenye katiba iliyoandikwa, kisha huandikishwa kwa Msajili. Na wasiofikia idadi hiyo wanaweza kuingia katika chama kilichopo. Aliyeachishwa anazo siku 30 tu za kulifikisha shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wengi huzipoteza kwa kumsubiri bosi abadili nia.

Na akiambiwa, kama waambiwavyo wengi wa mitandaoni, kwamba yeye si mwajiriwa bali ni mshirika huru, naisome Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, kifungu cha 61. Kifungu hicho kinamdhania mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, mathalan, namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mwingine, au amemtumikia mtu huyo kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au riziki yake inamtegemea huyo, haidhuru mkataba umemwita kwa jina gani.

Basi nasaha kwa wanaokusudia kudai ni kwamba wasimtume msemaji kabla hawajawa mwili mmoja. Nawaandike madai kwanza, watie saini wote katika karatasi moja, kila mtu aweke kwake nakala ya mkataba na stakabadhi za malipo, na barua ipelekwe kwa jina la chama. Mwajiri mwenye nia njema atapata wa kuzungumza naye. Na mwenye nia mbaya atalazimika kumwachisha kila aliyetia saini, jambo ambalo ni gumu kulifanya, na gumu zaidi kulieleza mbele ya Tume.