Vitshumbi: Maji yaliyotiwa dawa ufukweni huchafuka tena ndani ya bidoni

Katika kijiji cha wavuvi cha Vitshumbi, eneo la Rutshuru, jimboni Kivu Kaskazini, Ziwa Edouard liko karibu na milango ya nyumba, lakini maji safi ya kunywa bado ni shida. Kwenye ufuko uleule ambako mitumbwi huegeshwa, samaki husafishwa na nguo hufuliwa, akina mama na watoto hujaza bidoni za manjano za lita 20 na kuzibeba hadi nyumbani.

Kijiji hicho kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga, upande wa kusini wa ziwa. Kipindupindu kimewapiga wakaaji wake mara nyingi. Ugonjwa huo huenea kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi, na unaweza kumuua mgonjwa kwa saa chache akikosa matibabu.

Mlipuko unapotokea kandokando ya maziwa ya Kivu, wahudumu wa afya huweka vituo vya klorini pale watu wanapochota. Mhudumu hupima dawa kwa bomba la sindano na kuitia ndani ya bidoni. Mtu husubiri dakika 30 kabla ya kunywa.

Wengi hudhani kazi imeishia hapo. Lakini ndani ya bidoni kuukuu mna utelezi unaoshika kwenye plastiki, na vijidudu hujificha humo. Utelezi huo humaliza nguvu ya klorini, kisha maji huchafuka upya.

Kuisafisha bidoni hakuhitaji gharama kubwa. Hutiwa maji kidogo, sabuni na changarawe safi, ikatikiswa kwa nguvu, kisha ikasuuzwa mpaka utelezi uishe. Kifuniko nacho huoshwa. Bidoni iliyowahi kubeba petroli au dawa za shamba haifai kabisa kwa maji ya kunywa.

Maji yenye matope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu uchafu hula klorini. Nyumbani, bidoni hukaa kivulini, imefunikwa, na maji humiminwa badala ya kuchotwa kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono.

Wenye tanki la kukinga mvua wana kazi yao pia. Maji ya kwanza huachwa yaoshe mabati, ndipo tanki lijazwe. Mara kwa mara humwagwa lote, likasuguliwa chini ambako tope hutulia, likatiwa klorini na kusuuzwa. Robine isiwe chini kabisa, la sivyo itatoa tope hilo.

Kuchemsha maji pia huua vijidudu, lakini kunahitaji makala au kuni, na kukata miti ndani ya hifadhi kumekatazwa. Kwa familia nyingi, klorini ndiyo njia nyepesi. Javeli ya dukani hutofautiana kwa nguvu, hivyo kipimo huulizwa kwenye kituo cha afya.

Mtu akianza kuharisha maji mengi, apelekwe kituoni upesi. Njiani anyweshwe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Hata maji hayo ya kumwokoa yanahitaji bidoni safi.