Watoto wa Mbwa Kondeni: Amana Iliyosahauliwa

Mkulima wa visiwani hafugi mbwa kwa anasa. Muhogo ukishakomaa, kima na tumbili huufikia kabla ya mwenyewe. Nguruwe mwitu akiingia kondeni usiku mmoja hufukua jasho la miezi. Na mwizi wa ndizi hachagui mbalamwezi wala kiza. Dini yetu iliitambua haja hiyo tangu zamani. Mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda mazao ameruhusiwa, kwa sharti la kuhifadhi tahara. Na sote tulifunzwa chuoni kwamba chombo kilichoingiwa na mate yake huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo suala la leo si kama mbwa afugwe au asifugwe. Suala ni hatima ya watoto wanaozaliwa huko kondeni.

Mbwa jike hubeba mimba kwa muda wa siku 63 hivi, na si ajabu kuzaa watoto watano au sita kwa mkupuo mmoja. Mwenye konde humhitaji mmoja, pengine wawili. Waliosalia aghalabu hutiwa katika pakacha na kwenda kutupwa pwani au jaani. Wengi hufa kwa njaa. Wachache wanaopona hukua bila ya bwana, bila ya chanjo na bila ya adabu, nao ndio tunaowaita mbwa koko na kuwalaani, ilhali sisi wenyewe ndio tuliowatupa.

Madhara yake tumeyaona kwa macho yetu. Kisiwani Pemba, baada ya miaka ya kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji, ugonjwa wa kichaa cha mbwa ulitoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje ya kisiwa, na watu wakaumwa. Ilibidi kazi ya chanjo ianzwe upya, hata ugonjwa ukakoma tena mwaka 2018. Wataalamu hutufahamisha kwamba yafaa mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa ili ugonjwa usipate njia ya kuenea. Lakini hesabu hiyo haitulii. Mbwa waliochanjwa hufa, wengine huzaliwa, na kila uzao usiochanjwa huipunguza kinga ya kijiji kizima. Basi ufa huanzia pale kwenye kibanda cha makuti alikozalia mbwa mmoja.

Malezi yenyewe hayahitaji utajiri. Mama awekwe mahali pakavu pasipovuja, mbali na jiko na visima, na apewe chakula zaidi ya kawaida kwa vile ananyonyesha. Watoto hufumbua macho baada ya wiki mbili hivi. Wakifikia wiki ya nne, waanze kupewa uji mwepesi uliochanganywa na dagaa au mabaki ya samaki yasiyo na miba. Wapewe dawa ya minyoo mapema, maana minyoo hiyo hutoka kwa mama kupitia tumbo na maziwa, nayo huweza kuwadhuru hata watoto wetu wanaochezea mchanga. Wasiachishwe mama kabla ya wiki nane. Na wazoeshwe watu, mbuzi na kuku wangali wadogo. Samaki mkunje angali mbichi.

Timu ya chanjo ikifika kijijini, wapelekwe wote, hata wale wadogo wa wiki chache. Kusema kwamba wangojee wakue ni kuwaacha wazi katika umri ambao watoto wa binadamu hupenda zaidi kuwashika.

Wajibu huu haumwelemei mkulima peke yake. Sheha azijue konde zenye mbwa na uzao uliopo, ili mwenye haja ya mlinzi aelekezwe kwa mwenye ziada. Maafisa wa mifugo wafike hadi kondeni, wala wasiishie barabarani; na wamweleze mkulima kwamba mbwa jike huweza kufungwa kizazi asizae tena. Wenye vyombo vya baharini nao wasikubali kupakia mbwa asiye na cheti cha chanjo. Na mwananchi atakayeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani dalili za kichaa zikishadhihiri, dawa haifui dafu.

Tumesimuliwa tangu utotoni habari za mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa madhambi yake. Anayemtumia mama kulinda muhogo wake, kisha akawatupa wanawe jaani, na atafakari yeye yuko upande gani wa simulizi hiyo.