Popo wa pangoni, papa wa kilindini

Duara la dhahabu, yaani shimo la wachimbaji, likiachwa, kule Mpanda au kwingineko, popo huhamia. Anayependa zaidi mapango na mashimo ya migodi Afrika Mashariki ni popo wa matunda wa Misri, Rousettus aegyptiacus, ambaye hubeba virusi vya Marburg na wala haugui.

Kilindini mwa bahari, mamia ya mita chini, kuna papa wa jamii ya Centrophorus. Naye, kama popo, ni kiumbe wa giza. Popo huyu hugonga ulimi haraka haraka na kusikiliza mwangwi. Papa ana macho makubwa ya kijani na vitundu usoni vinavyonasa umeme hafifu wa misuli ya windo. Ini lake, linaloweza kufikia robo ya uzito wake, limejaa mafuta mepesi yanayomwezesha kuelea, maana hana kibofu cha hewa. Mafuta hayo yana skwaleni, inayotiwa kwenye vipodozi na baadhi ya chanjo za mafua. Ndiyo maana anavuliwa. Hubeba mimba kwa takriban miaka miwili na kuzaa watoto wachache mno, hivyo akishavuliwa sana pengo lake halizibiki upesi.

Kwa popo, kuua huleta balaa la namna nyingine. Kati ya 1998 na 2000, huko Durba, mashariki mwa Kongo, Marburg iliua watu 128 kati ya 154 waliougua, wengi wao wachimbaji. Mwaka 2007 iliwapata wachimbaji wa Kitaka, Uganda. Popo wa mgodi huo wakaangamizwa. Waliporudi, mwaka 2012, walikuwa wachache, lakini wenye virusi walikuwa asilimia 13.3, kutoka 5.1 ya awali. Watafiti wanaona huenda nafasi ilijazwa na popo wachanga ambao hawajawahi kuambukizwa. Popo wa miezi sita hivi ndio wanaoambukizwa zaidi.

Kwetu Tanzania, Marburg ilithibitishwa Kagera Machi 2023, ikaua watu sita kati ya tisa waliougua.

Kwa hiyo mchimbaji asiwachome moto popo wala kuwafukiza. Duara lenye popo aliache. Tunda lililotafunwa na popo litupwe. Aliyeingia kwenye duara hilo akapata homa kali ndani ya siku 21 awahi kituo cha afya, na jambo la kwanza amwambie mhudumu kwamba alikuwa mahali penye popo, kwa sababu mwanzoni Marburg hufanana sana na malaria.