Utangulizi: Shangingi Linapopanda Newala

Wanawake wa Newala waliijua gharama ya kupanda mlima kabla tone la kwanza la dizeli halijafika kwao. Udongo wa Uwanda wa Makonde, wanakoishi, hunywa mvua na kuipeleka chini sana, kwa hiyo kwa vizazi vingi maji yalichotwa mabondeni na kupandishwa kwa kichwa. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliikuta hali hiyo na akaiandika. Aliyepanda na mtungi uliojaa hakuhitaji mwalimu wa fizikia amwambie kwamba njia ya kushuka na njia ya kupanda, hata ikiwa ni ileile, si safari moja.

Karibu basi, msomaji. Tunausoma mtungi uleule, ila sasa una uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu, una safu tatu za viti, na kwetu unaitwa shangingi.

Swali la kila mtu anayeliona gari hili likiegeshwa sheli ni moja: linakula kiasi gani? Dereva hujibu kwa namba moja, na mara nyingi huitaja kwa kujiamini zaidi kuliko anavyostahili. Chukua Toyota Land Cruiser 200, iliyoingia sokoni mwaka 2007. Serikali ya Marekani iliipa ile ya petroli yenye injini ya lita 5.7, toleo la mwaka 2021, maili 14 kwa galoni, yaani takriban kilomita 6 kwa lita. Namba hiyo ilipatikana maabara, magurudumu yakizunguka juu ya rola kwa ratiba maalumu ya sekunde kwa sekunde. Hapakuwa na mchanga mwekundu, wala gunia la korosho nyuma, wala mjomba aliyeomba lifti njiani. Magari yanayotoka Japani yakiwa yametumika nayo huja na namba za vipimo vya huko. Namba hizo si uongo. Zimepimwa ili gari lilinganishwe na gari, nasi tunazitumia kubashiri safari.

Twende kwenye kilima chenyewe. Gari likiwa na abiria na mizigo lina tani tatu. Kuliinua mita 100 tu kunahitaji nishati ya karibu megajuli 3. Lita ya dizeli ina megajuli kama 36, lakini injini hugeuza kuwa mwendo takriban theluthi moja. Zilizobaki hutoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Piga hesabu: kila mita 100 za kupanda ni kama robo lita, juu ya yale mafuta ambayo gari lingekula hata kwenye tambarare. Toyota ilipotoa toleo la 300 mwaka 2021 iliiacha injini ya V8 ikachukua ya V6, na ikapunguza uzito kwa kama kilo 200. Ni sawa na kuwateremsha abiria watatu kabla ya mlima.

Wakati wa kushuka kurudi Masasi je, si mlima utatulipa deni letu? Hulipa kidogo. Sehemu kubwa huishia kwenye breki, na harufu yake utaisikia ukifika chini. Hapa lazima niukemee mtindo mmoja wa madereva wetu: kuachia gari frii kwenye mteremko ili kubana mafuta. Injini za kisasa, ukiondoa mguu kwenye eksileta huku gia imeingia, hukata mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukitia frii, injini inalazimika kula ili isizimike. Unapoteza mafuta, unapoteza na breki ya injini, tena mahali palepale unapoihitaji.

Sasa mtego unaowanasa hata wasomi. Tuseme gari limepanda kwa kilomita 5 kwa lita na kushuka kwa kilomita 20 kwa lita, umbali uleule. Wastani ni ngapi? Wengi watasema 12 na nusu. Jibu ni 8. Kupanda kilomita 100 kungekula lita 20, kushuka 100 kungekula lita 5. Jumla lita 25 kwa kilomita 200. Ndiyo maana katika kupima ulaji wa mafuta tunapendelea kuhesabu lita kwa kilomita 100: lita hujumlishwa, kilomita kwa lita hazijumlishwi.

Usilihukumu shangingi kabla hujahesabu vichwa. Likienda kilomita 6 kwa lita na watu saba ndani, kila lita imesafirisha watu saba kilomita 6, yaani kilomita 42 ukijumlisha za kila mtu. Bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa lita huku dereva akiwa peke yake haijalishinda. Ila mashangingi mengi ninayopishana nayo njia ya Mtwara yana mtu mmoja nyuma na gazeti, tena yakikimbia 120. Kwa mwendo huo upepo hulisukuma gari nyuma kwa nguvu inayokaribia maradufu ya ile ya kilomita 90 kwa saa.

Kurasa zinazofuata zitakuwa na milinganyo. Usiiogope, lakini usiianze kabla hujapima mwenyewe. Jaza tangi Masasi mpaka pampu ikate, andika kilomita, panda Newala, rudi, kisha jaza tena kwenye pampu ileile, gari likiwa limesimama palepale, maana sakafu yenye mwinamo hubadilisha ujazo. Gawanya lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Na kama gari lako ni la zile 200 zenye tangi la pili la lita 45, hakikisha nalo limejaa mara zote mbili. Bila hivyo hesabu yako haifai kitu.