Kutofungamana si Kukaa Nyumbani

Ayalandi haimo katika NATO, lakini askari wake wamelinda amani ng'ambo tangu 1958. Novemba 1960, huko Niemba, Katanga, tisa kati yao waliuawa wakitumikia Umoja wa Mataifa. Kutofungamana, basi, ni suala la kutoka nje kwa idhini ya nani. Ndiyo maana ya “kufuli tatu”: kikosi cha zaidi ya askari 12 kiridhiwe na Umoja wa Mataifa, serikali na bunge. Wapinzani wa kufuli hilo husema kura ya turufu ya Urusi au China yaweza kuzuia hata uokoaji wa raia. Hoja hiyo ina uzito, ila kufuli halikuzuia askari wa Marekani wa vita vya Iraq kupitia uwanja wa ndege wa Shannon, nchini humo. Mlango umefungwa, dirisha li wazi.