Namba Moja Haitoshi

Katika shule za msingi za Uganda, somo la hesabu humfundisha mtoto kukusanya takwimu, kuzipanga katika jedwali na kuzichorea grafu. Akiulizwa ni mwezi gani ulionyesha mvua nyingi, hutazama nguzo iliyo ndefu kuliko zote, akajibu, akapewa alama. Hiyo ni kazi njema. Lakini asomaye grafu bila kuuliza namba zake zimetoka wapi ni sawa na askari anayehesabu magari kwenye kizuizi cha barabara bila kuangalia yamebeba nini.

Wasikilizaji walio kambini na katika vituo vya polisi wanaujua uzito wa jambo hili. Huvuma habari kwamba dawa fulani ya mitishamba imewaponya homa watu kumi. Je, ni wangapi walioinywa wasipone? Na ni wangapi waliopona bila kuionja? Homa nyingi hupungua zenyewe, bali malaria haimngoji mtu. Na mzazi aliyeiamini kumi hiyo huenda akafika hospitali na mtoto wakati umekwisha kupita.

Je, mtoto wa darasa la tano aweza kufundishwa kuuliza maswali hayo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, hapa Kampala, pamoja na wenzao wa Norway, walilijaribu jambo hilo mwaka 2016. Walichukua shule 120 za eneo la kati la Uganda, wakazigawa kwa kura: 60 zipate mafunzo, na 60 ziendelee kama kawaida. Kura ilikuwa na sababu yake. Kama walimu wakuu wangeachiwa wachague wenyewe, yaelekea shule zenye bidii zingejazana upande mmoja, na hapo isingejulikana kama kilichosaidia ni mafunzo au ni ile bidii.

Walimu walihudhuria semina ya siku mbili. Watoto walipewa kitabu chenye hadithi ya picha, wakafundishwa vipindi tisa vya dakika 80 katika muhula mmoja. Kisha watoto zaidi ya 10,000 wa pande zote mbili walifanya mtihani mmoja wa maswali 24, na aliyepata 13 alihesabiwa amefaulu. Katika shule zilizofundishwa walifaulu asilimia 69.

Msikilizaji makini hataishia hapo. Atauliza habari za upande wa pili. Huko walifaulu asilimia 27. Basi wapo watoto ambao wangefaulu hata bila mafunzo, na sifa ya mafunzo ni ile tofauti iliyobaki, ambayo kwa hakika ni kubwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la tiba la The Lancet, la Uingereza.

Hata hivyo, karibu watoto watatu katika kila kumi waliofundishwa hawakufikia alama hiyo. Tena vipindi tisa ni saa kumi na mbili, ambazo ni lazima zitoke mahali fulani katika ratiba iliyokwisha kujaa, huku mtihani wa darasa la saba ukimngoja mwalimu na wanafunzi wake.